Siku Nilipojificha Gizani kwa Daktari wa Macho

Wenzangu, kuna aibu ambazo mtu akizikumbuka peke yake jikoni hujikuta anajifunika kanga usoni ilhali hakuna anayemtazama isipokuwa kuku, na hii yangu ni ya namna hiyo. Ningeinyamazia mpaka kaburini, ila Mwanjelwa nzima inaijua, na kila nikienda sokoni kununua dagaa hakosi mtu wa kuniuliza, "Bubu, umeamkaje leo?" Basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana wao wanaisimulia vibaya, wanaishia pale pa kuchekesha, na yenyewe haikuishia pale.

Naitwa Tusekile. Kwetu Unyakyusa maana yake ni kwamba tumefurahi (wazazi wangu walikuwa wamepata wavulana watupu kabla yangu), na jina limenikaa, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka ovyo na kuota ndoto mchana. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikawa naota kuwa nesi, nijivike gauni jeupe lililopigwa pasi, niwashike watu mikono wakiumwa, lakini wakaja washenga wa Ambakisye, utingo wa lori, kijana mpole mwenye meno mazuri, nikaona unesi utasubiri. Akanileta Ilomba, tukapanga vyumba viwili vya udongo, na kabla hata sijazoea baridi ya Mbeya Lugano naye akaletwa tukae naye.

Lugano ni mdogo wake wa mwisho mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu, ingawa wakati huo meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Mama yao alifariki, na baba yao alibaki shambani Tukuyu na migomba yake, mzee wa makamo aliyekwenda vitani akarudi na koti zito la askari ambalo halivui jua wala mvua. Mtoto huyu alinipenda siku ile ile ya kwanza. Alilala mgongoni kwangu kama paka, alinifuata mtoni, chooni, kanisani, na alikuwa na jicho la kushoto linalotazama pua.

Majirani walisema ni uzuri, kwamba akikua atawaua wanaume kwa jicho lile la kulegea. Mimi nami nikaona ni uzuri. Mpaka nilipoanza kumpa mchele wa Usangu achambue mawe. Kila akiinamia ungo, lile jicho linakimbilia puani kabisa, linajificha, na mawe ya upande wa kushoto yote anayaacha. Nikamwambia, "Wewe, unataka kuniua na mawe?" Akasema, "Mawe yapi, wifi?" Tukacheka sote. (Ndivyo nilivyo, mtu ananiambia jambo la kutisha, nacheka kwanza.)

Basi siku moja nimo Mwanjelwa nikakuta watu wamemzunguka bwana mmoja amesimama juu ya kreti, kofia yake nyeupe ya kudariziwa, Kiswahili chake cha pwani kinateleza kama mafuta. Alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, jina lake Bwana Athumani. Mkononi alikuwa na kadi yenye herufi moja kubwa, ile inayofanana na uma wa miguu mitatu.

"Wazazi wangu," akasema, "huu si mtihani, wala hatutafuti watoto wa kupeleka Ulaya. Daktari wa macho anakuja kutoka Iringa. Mtoto atafunikwa jicho moja, ataonyeshwa herufi hii, kubwa, halafu ndogo, halafu ndogo zaidi, naye ataonyesha kwa vidole vyake vitatu miguu inaelekea wapi. Juu, chini, kulia, kushoto. Hata asiyejua kusoma ataweza. Kachezeni nao nyumbani ili wasije wakatulilia hapa."

Mama Zena, muuza maandazi ambaye meza yake iko pale pale, akamdakia, "Na sisi watu wazima je, Bwana Athumani? Mimi sarafu bandia siioni."

"Wewe sarafu bandia huioni ukipewa, Mama Zena. Ukirudisha chenji unaiona."

Watu wakaangua kicheko, nami nikaenda nyumbani nimejaa furaha ya unesi. Nikachukua mkaa, nikachora ukutani zile herufi, ya juu kubwa kama sahani, za chini yake zikipungua mpaka ya mwisho iwe kama kunguni. Nikamweka Lugano mlangoni. Nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akazipata zote mpaka kunguni, anarusha vidole huku na huku kama anacheza ngoma. Nikamfunika la kulia. Akatulia. Ile kubwa akaipata. Ya pili akaipata pia, baada ya kufikiri. Ya tatu akaanza kubahatisha, akanipapasa mkono, akasema, "Wifi, hizi za chini umezifuta?"

Sikuzifuta. Siku ile sikucheka. Nikajua lile jicho lina shida ya kweli, na kwamba mtu wa kulitazama anakuja, na kwamba kazi yangu duniani kwa wiki ile ni moja tu, kumfikisha mtoto huyu mbele yake.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu, maana asiye Mnyakyusa hatanielewa. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake, wala yeye asisikie sauti yako. Mkikutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Ndio tunaouita ukutila, ni heshima na ni hofu, vyote pamoja. Wakristo wengi siku hizi wameulegeza, wanasalimiana na wakwe zao vizuri tu mlangoni pa kanisa, lakini mama yangu siku ya kunitoa nyumbani alinishika sikio akasema, "Tuse, wewe ni mcheshi mno. Vunja vyungu vyote, lakini hili usilivunje." Kwa hiyo baba mkwe alipokuja Ilomba kumwona mwanawe, mimi nilikaa chumba cha ndani, yeye cha nje, na Lugano akawa mdomo wetu. "Tata anasema chai haina sukari" (tata kwetu ni baba). "Mwambie tata sukari imeisha." "Tata anasema basi." Mtoto anakwenda na kurudi, amefurahi kwa kazi yake. Nimeolewa na mwana wa mtu huyu, nimempikia, nimemfulia lile koti, na uso wake siujui. Namjua kwa kikohozi chake, cha ugoro, kinachoanza kidogo kidogo kama mtu anayebisha hodi halafu kinabomoa mlango.

Siku ya daktari ikafika. Ambakisye alikuwa safarini na lori. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka shule tuliyoambiwa tukusanyike huuoni mlingoti wake wa bendera. Tulikuwa wengi, tumejipanga kwenye uwanja tukitetemeka, mbele yangu Mama Zena na mwanawe, nyuma yangu mama mmoja Msangu aliyetoka Madibira, amelala njiani kwenye lori la mpunga, binti yake anashika kila kitu puani ndipo akitambue. Tukawa marafiki kwa baridi. Akanigawia kiazi.

Darasa moja lilikuwa la kupimia kwa kadi, mlango wazi. La pili lilifunikwa madirisha kwa mablanketi meusi, na mlangoni blanketi jingine, maana daktari anatia watu dawa ya matone machoni, wanakaa gizani mpaka ishike, halafu anawamulika kwa kitochi chake na kuwawekea vioo. Vile vioo vilikuwa kwenye sanduku juu ya meza, vya duara, vingi, vimesimama safu safu kama sahani kabatini. Niliviona blanketi lilipofunuliwa, vikametameta, nikasema moyoni, kimoja humo ndani ni cha Lugano.

Zamu yetu ilikuwa imekaribia kabisa. Ndipo nikasikia kikohozi.

Kikaanza kidogo kidogo. Kikabisha hodi. Nikageuka bila kutaka, nikaona, kupitia ukungu, lile koti la askari linakuja uwanjani, limeshikwa mkono na mtu, nikageuza uso haraka kama niliyechomwa. Baba mkwe! Alikuwa ametoka Tukuyu na basi la alfajiri, hakumwambia mtu. Na anakuja moja kwa moja upande wetu.

Ningefanya nini? Migomba hapo hakuna. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, nikienda nitapishana naye uso kwa uso, na nikikimbilia barabarani nitapoteza nafasi ya mtoto. Nikaona mlango wenye blanketi. Nikasema nitaingia mara moja, nisimame gizani, apite, nitoke. Uamuzi mdogo kabisa, jamani, mdogo kama punje ya ulezi.

"Mama Zena, nishikie Lugano, nakuja sasa hivi."

"Unakwenda wapi, zamu hii inafika!"

"Nakuja!"

Nikaingia. Giza totoro. Nikapapasa nikapata benchi, watu wamekaa kimya kama matangani. Kabla sijapata pumzi, mkono ukanishika kidevu. "Inua uso, bibie, fumbua jicho." Sauti ya Bwana Athumani. Nikataka kusema mimi si mgonjwa, na wakati huo huo blanketi likafunuka, kikohozi kikaingia ndani, na mtu akasema, "Kaa hapa mzee, kaa na wenzako." Benchi likalia. Amekaa ubavuni pangu. Bega la lile koti nililolifua mimi mwenyewe likagusa bega langu.

Nikisema neno moja tu, atanisikia. Nikainua uso, tone likaingia, la moto kidogo, jicho la pili nalo likapata.

"Jina lako nani?" akauliza Bwana Athumani. "Bibie, jina?" Nikatikisa kichwa. "Umetoka wapi? Nani kakuleta?" Nikatikisa tena, na gizani nani anaona kichwa kikitikiswa? Akanigonga begani, nikaguna kwa pua.

"Lahaula! Bwana Mganga, huyu hana ulimi. Ni bubu."

"Bubu na macho pia?" akasema mtu kwenye benchi. "Mungu akiamua kukuonea, anakuonea kweli."

"Labda hapo ndipo alipopata mume," akasema mwingine. "Mke asiyeona na asiyesema, si ndiye tunayemtafuta?"

Benchi zima likacheka, na nilihisi bega la baba mkwe nalo likitikisika kwa kicheko. Nami, nisikilizeni, hata mimi nilitaka kucheka. Niliuma kanga. Nilijiambia, Tuse, vumilia kidogo, daktari atamwita yeye, wewe utatoka, utampata Lugano wako mlangoni.

Nje zamu yetu ilikuwa imefika. Lugano kaitwa mbele ya kadi, katafuta mkono wangu, hakuuona. Mama Zena aliniambia baadaye kwamba mtoto hakulia, alikataa tu kufunikwa jicho, akasema, "Anayenifunika ni wifi." Wakambembeleza. Akawaponyoka. Nikasikia sauti yake uwanjani, nyembamba, inaita, "Wifi! Wifi Tuse! Uko wapi?"

"Lugano?" baba mkwe akasema ubavuni pangu, sikioni pangu. "Huyo si mwanangu Lugano? Lugano! Tata niko humu!"

Blanketi likavutwa, likaanguka lote. Mwanga ukaingia kama maji. Kama hamjawahi kutiwa dawa ile hamwezi kujua, jicho linakuwa wazi halifumbiki, mwanga unakupiga mpaka kisogoni. Nikaona weupe mtupu, na katikati ya weupe koti la baba mkwe kama kichuguu karibu na pua yangu. Nikaruka. Kanga usoni, kichwa chini, mbio, upande ambao nilidhani ni mlango.

Ilikuwa meza.

Sitaeleza sauti ya sanduku lile likianguka. Hainitoki masikioni. Nilianguka pamoja nalo, nikajaribu kuinuka, na kila nilipoweka mguu kulikuwa na kitu kinachovunjika chini yake, nikaweka mwingine, kikavunjika kingine, nikawa kama mtu anayetwanga. Nikasimama tuli hatimaye, nyayo zinavuja damu.

Baba mkwe akauliza, "Nani ameanguka? Lugano, ni nani huyo aliyeanguka?"

Alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani. Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye mwanga, mbele ya watu wote, na yeye anauuliza ukuta. Hapo ndipo nilipomtazama kwa mara ya kwanza, kwa macho yangu yaliyojaa dawa na machozi, nikaona kwamba mboni zake ni nyeupe kama uji.

"Ni wifi, tata," Lugano akasema.

"Wifi yako alikuwemo humu?"

Haoni. Haoni hata kivuli cha mlango, alishikwa mkono kutoka stendi mpaka benchi. Aliwaficha wanawe, na mimi niliyemtilia uji kwenye bakuli ningejuaje, mimi ambaye sijapata kumtazama? Nimemkimbia mtu ambaye ningesimama mbele yake mpaka jua lizame asijue nipo.

Daktari hakunipiga wala hakunitukana. Alipiga magoti. Mzungu mrefu vile, alipiga magoti sakafuni akawa anaokota vipande kimoja kimoja, anaviinua kwenye mwanga, anaviweka chini tena. Bwana Athumani akatoka nje. Sauti yake ya mafuta ilikuwa imekauka. "Jamani, rudini nyumbani. Vioo vimevunjika, na vingine haviko karibu, vinatoka Ulaya. Wenye macho mekundu wabaki tuwape dawa. Wa kupimwa warudi."

Wakaanza kuondoka. Wengine walinicheka, "Bubu kapata sauti, lakini ya vioo!" Hao nawashukuru. Yule mama wa Madibira alikuja akasimama mbele yangu, binti yake mgongoni, na kiazi chake bado kiko tumboni mwangu. Akasema polepole, bila hasira, "Wewe umeogopa macho ya mkweo. Mwanangu amekosa ya kwake." Akaondoka zake kutafuta lori.

Sikupata kumwona tena. Nikienda sokoni nawatazama watu wa Usangu wanaoshusha mpunga, sijui ningemwambia nini.

Nyumbani dawa ilikaa machoni mwangu siku kadhaa. Sindano siioni tundu, mchele nauchambua kwa vidole, chai ya mume wangu niliitia chumvi akanywa yote akanyamaza. Nikajifunza jinsi Lugano anavyouona ungo. Ambakisye aliporudi na kuambiwa yote alikaa kitandani, kichwa mikononi, halafu akasema, "Ungesimama tu, Tuse." Nikasema, "Mama alinikataza." Akasema, "Najua." Hatukugombana. Ingekuwa heri tugombane.

Masika yakaja, daraja moja likachukuliwa na maji, kiangazi kikafuata, kila nikiuliza hospitali naambiwa vioo bado. Jicho la Lugano nalo likazidi kutulia pale puani, halirudi hata akitazama mbali. Nilichora tena herufi ukutani mara moja tu. Ile ya pili hakuipata. Nikazifuta kwa majivu nisizione.

Masika mengine yalipokwisha ndipo Bwana Athumani, akipita Mwanjelwa, akamwambia Mama Zena, "Mwambie yule bubu wako sanduku limekuja. Lakini Mbeya haliletwi tena, aje Iringa." (Hapo tena watu walicheka.) Tukapanda basi, sisi watatu, maana baba mkwe naye alikuwa anakwenda kukatwa ule utando mweupe wa machoni. Yeye alikaa mbele nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho kwenye magunia, na Lugano akawa anapita katikati ya miguu ya watu akibeba maneno.

"Wifi, tata anasema funga dirisha, vumbi."

"Mwambie tata dirisha halina kioo."

Akaenda, akarudi. "Tata anasema, kioo hicho nacho umekivunja?"

Basi zima likacheka. Sikuona uso wake akisema hivyo, lakini Lugano aliniambia kwamba alikuwa anatabasamu, na nililia mpaka Makambako, nimejifunika, watu wakidhani ni usingizi.

Iringa ni baridi kama kwetu, mji uko juu ya kilima, hospitali yenyewe ina harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Bwana Athumani aliponiona akafungua mikono, "Bubu wetu! Leo kaa mbali na meza." Lakini alipomwona Lugano alivyokua, na lile jicho, hakuongeza mzaha mwingine. Akamweka kwenye mstari uliochorwa sakafuni. Baba mkwe aliketishwa kwenye benchi upande mmoja, mimi nikasimama upande wa pili nyuma ya nguzo, kama desturi.

Jicho la kushoto likafunikwa. Lugano akarusha vidole, juu, kulia, chini, kushoto, mpaka mstari wa mwisho, nikasikia Bwana Athumani anamsifu. Halafu likafunikwa la kulia.

Akamwonyesha ile kubwa kabisa. Mtoto akainua mkono wake, vidole vitatu, ukabaki hewani. Ukageuka kidogo juu. Ukageuka chini. Ukasimama.

"Lugano," baba mkwe akasema kutoka benchi, "mwambie wifi yako akuambie uniambie. Anaonyesha wapi?"

Lugano alikuwa anatafuta ile herufi. Mdomo wetu ulikuwa na kazi nyingine.

"Lugano. Muulize wifi. Unaona?"

Yule mzee ameukunja uso wake, anaugeuza huku na huku akitafuta mtu wa kumjibu, na mkono wa mtoto bado uko hewani. Mtu wa kumletea neno hakuwepo. Nilikuwepo mimi.

"Haoni, tata," nikasema.

Akageuza uso wake kunielekea, safari hii si ukutani.

"Kumbe sauti yako ndiyo hii," akasema. "Hebu sogea. Niambie mwenyewe kila wanachomfanya."

Nikatoka nyuma ya nguzo, nikakaa kwenye benchi lake, nikamweleza. Nikamwambia sasa anasogezwa mbele hatua moja. Sasa hatua nyingine. Haoni bado. Sasa daktari ananyoosha vidole vyake mwenyewe karibu na uso wake, na hivyo amevihesabu. Nikamwambia sasa wanamvika miwani, inamteremka puani, inabidi waifunge kwa uzi nyuma. Na Bwana Athumani akatueleza maneno ya daktari, kwamba macho ni kama watu wawili waliobeba gogo moja, mmoja akilegea mwenzake akalibeba peke yake, yule wa kwanza anasahau kubeba, na kwamba kuna umri wa kumkumbusha, na baada ya hapo hata umpigie kelele vipi haamki. "Angevaa hii miwani pale Mbeya," akaanza kusema, akaona makovu ya vioo miguuni mwangu, akaacha.

Baba mkwe akasema, "Maliza neno lako, bwana. Tunasikiliza sote."

Akalimaliza.

Sasa tuko Ilomba, mzee amekatwa utando anaona kidogo, anakuja mara kwa mara, nami namwamkia uso kwa uso, namwuliza habari za Tukuyu. Wapo wa kwetu wanaosema mke wa Ambakisye hana haya. Sawa. Mama yangu alilia alipopata habari, na mimi sikumficha. Nimekula kiapo, nikiwa na mtoto mkononi sitamkimbia mtu tena, awe mkwe, awe chifu, awe nani, nitasimama hapo hapo nitazamwe, na nikiulizwa jina nitalitaja.

Kila jioni, kabla ya kuwasha taa, namfunika Lugano jicho la kulia, lile lisilo na shida, kwa kitambaa, kama daktari alivyosema tujaribu, hata kama matumaini ni madogo. Nimechora herufi moja tu ukutani, pana kama mlango. Anainua vidole vyake vitatu, anavigeuza, anangoja, halafu ananiuliza, "Wifi, nimepata?"

"Bado, mdogo wangu," namwambia. "Jaribu tena."